Mwaka wa Kwanza Alale Wapi?

Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Septemba, matatu zinazotoka Mombasa na zile za Malindi hushusha magodoro Kilifi. Godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, beseni limefunikwa juu ya ndoo, sanduku la bati lina jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe tangu shule ya bweni. Nyuma ya mzigo yuko kijana aliyeshika bahasha ya kaki: barua ya kuitwa chuoni, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtihani wa sekondari, KCSE, fomu ya daktari, picha za pasipoti, risiti ya benki. Kabla ya kuuliza darasa liko wapi, atauliza atalala wapi.

Chuo Kikuu cha Pwani kilianza 2007 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika viwanja vya iliyokuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi, kikapewa hati ya kujitegemea tarehe 31 Januari 2013. Mzazi wa Ganze au wa Magarini ambaye zamani alimsindikiza mwanawe hadi kwenye basi la Nairobi, sasa anaweza kumfikisha mwenyewe mpaka langoni na kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Lakini vitanda haviongezeki kwa mwendo wa wanafunzi, hapa wala katika vyuo vingine vya umma nchini. Ndiyo maana kila mwaka mpya wa masomo hurudi na hoja ile ile: vitanda vya ndani ya chuo vitengewe wanafunzi wa mwaka wa kwanza, au kila mtu ajitafutie?

Nimeiweka hoja hiyo mbele ya watu wanne. Nimewaunda mwenyewe kutokana na yanayosemwa vibarazani, ndani ya matatu na kwenye foleni ya usajili, kwa hiyo sikuwapa majina. Nimejitahidi kila mmoja aseme hoja yake kwa nguvu zake zote, hata pale nisipokubaliana naye.

MWALIMU MSTAAFU, wa Malindi: Mimi nasema walale ndani, tena iwe sheria. Niliingia Kenyatta katikati ya miaka ya themanini. Basi la Malindi likifika Kilifi tulingoja feri, maana daraja lilifunguliwa 1991. Kabla ya chuo tulipitishwa Gilgil, kwenye kambi ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, tukapigishwa kwata na kuamshwa alfajiri. Tulinung'unika sana. Lakini mtoto wa Marafa na mtoto wa Nairobi waliingia chuoni wameshakula sufuria moja. Kitanda kilikuwapo, chakula cha mesi kilikuwapo, na mfukoni tulikuwa na posho ya serikali tuliyoiita bumu. Ukijua utalala wapi, akili yako yote unaipeleka kwenye vitabu.

MAMA MWENYE VYUMBA, wa Kilifi: Mwalimu, bumu limekwisha zamani. Hata huyo aliye ndani leo analipa kitanda, analipa sahani, analipa kila kitu.

Mama hakosei. Mwaka ule ule wa 1991 lilipofunguliwa daraja la Kilifi, serikali ilileta mpango wa wazazi na wanafunzi kuchangia gharama za chuo kikuu. Mesi ikawa ya kulipia unachokula. Mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, Helb, na leo wanafunzi wengi wa Kenya wanaanza maisha ya utu uzima wakiwa na deni. Kumbukumbu ya Mwalimu ni ya kweli, lakini ni ya nchi iliyopeleka vijana wachache chuo kikuu na kuwalipia wote. Kuitaka irudi ilivyokuwa ni kusahau waliokuwa wanaachwa nje.

MAMA MWENYE VYUMBA: Tena nisikilizeni vizuri. Marehemu mume wangu alikuwa kiwanda cha korosho. Kiwanda kikafa miaka ya tisini, kazi zikapukutika, watu wakahamia Mtwapa na Mombasa. Chuo kilipokuja, tukaambiwa wanafunzi hawana pa kulala. Nikachukua mkopo wa chama chetu cha akiba, nikajenga vyumba kimoja kimoja, nikaezeka mabati. Watoto wangu wamesoma kwa kodi hiyo. Leo mkiwafungia wote ndani, mimi nani atanipangia? Na mnasema kana kwamba kwetu ni porini! Mtoto akiumwa usiku nampeleka hospitali ya kaunti mwenyewe. Hosteli ya ndani ni nani atamgongea mlango?

MWANAFUNZI, mwaka wa tatu, kwao Bungoma: Mama, mimi nimelala kote kuwili. Muhula wa kwanza nilipata kitanda ndani, wa pili nikahamia nje na wenzangu wawili. Ndani kuna taa, kuna mlinzi, maktaba iko karibu. Nje kuna jiko, na jiko si jambo dogo. Mkopo wa kujikimu katika mpango mpya wa serikali wa kugharamia vyuo ni kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka. Chukua ule wa juu kabisa, anaopewa aliye maskini zaidi. Kwa muhula ni 30,000. Muhula ukiwa wa miezi minne, ni 7,500 kwa mwezi, yaani 250 kwa siku. Humo toa kodi, toa nauli, toa bando, toa pesa za kuchapisha kazi za darasani. Kinachobaki ndicho chakula. Watatu tukipika sima na mchicha kwenye meko moja ya gesi tunashiba. Nikila kwa sahani, mwezi hauishi nina kitu.

MWALIMU: Lakini ulihama ukiwa umeshaujua mji, mwanangu. Ungefika siku ya kwanza na sanduku lako ukaambiwa ujitafutie?

MWANAFUNZI: Hapo ningepotea, Mwalimu. Mgeni hajui Kibaoni ni wapi wala Mnarani ni ng'ambo ipi. Anamfuata yeyote anayembebea mzigo. Nimeona dalali akionyesha chumba kimoja kwa wanafunzi watatu na kuchukua amana ya kila mmoja. Na kwa sisi wasichana kuna jambo ambalo watu wazima hulizungukazunguka. Wiki hizo za kwanza magari ya watu wasio wanafunzi huwa mengi kwenye njia zetu. Msichana hajala tangu jana, mkopo haujaingia, kwao simu haishikwi kwa aibu ya kuombwa. Anakuja mtu wa umri wa baba yake, ana chakula, ana lifti, ana maneno matamu. Sisi tunawaita masponsa. Halafu mwaka ukiisha watu husema mtoto aliharibikia chuoni.

Maneno haya yasipitwe haraka. Kila mwaka mpya ukianza, katika misikiti na makanisa ya mji wowote wenye chuo, vijana huhubiriwa kuhusu uhuru na nidhamu. Ni mahubiri mema, na chama cha Waislamu na chama cha Wakristo chuoni huwashika mkono wengi ambao wangeteleza. Lakini sijaona haki katika kumwonya msichana asipande gari la mtu bila kumuuliza amekula nini. Wiki sita za kwanza ndizo zinazoamua mengi, na katika wiki hizo njaa hutangulia tabia.

MZAZI, wa Ganze: Niseme la kwetu. Mvua ikikosa misimu miwili, akiba yetu ni mbuzi. Nimeuza wawili kwa ajili ya nauli, godoro na malipo ya kwanza. Fomu za basari nimepeleka kwa chifu, ofisi ya mbunge na kaunti. Kote naambiwa, ngoja mama. Nyinyi hapa mnashindania ndani na nje. Mimi nauliza, huo mkopo usipofika mapema, katikati atakula nini? Ndiyo maana nimepanga akae kwa shangazi yake Tezo. Kule hakuna kodi.

MWALIMU: Dada yangu, kwa jamaa ni kwema kwa wiki mbili. Baada ya hapo mgeni anakuwa kijana wa nyumba. Maji ya bomba ya Baricho yakikatika, yeye ndiye wa kupanga madumu, na wenzake wako maabara. Jioni kipindi kinaisha saa moja usiku, nauli ya kurudi Tezo hana.

MZAZI: Kuteka maji hakujamuua mtu, Mwalimu. Nimeteka tangu sijaota meno ya pili. Aliye kwa shangazi yake, asiporudi usiku kuna anayeuliza. Huko mnakotaka alale, akitoweka siku tatu nani ataniambia?

MWANAFUNZI: Nitakwambia mimi, Mama. Sisi ndio tunaoulizana. Tuna vikundi vya kila kaunti na vya kila kozi, na mtu akikosa darasani mara mbili kuna anayempigia. Lakini huyo wa Tezo hatumjui, maana kipindi kikiisha anakimbilia matatu. Hakai na watu. Mitihani ikikaribia hana kikundi cha kusomea.

Hapa nilijikuta nikivutwa pande mbili. Hoja ya mzazi ina uzito ambao wasomi huupuuza: mtoto anahitaji mtu wa kumuuliza. Hoja ya mwanafunzi ina uzito pia, kwa sababu nusu ya chuo kikuu hutokea nje ya darasa, katika mabishano ya usiku, katika kusomea kitabu kimoja watu wanne, katika kujua kwamba yule wa Kisii anayeongea sana naye hakuelewa somo la kemia. Anayelala mbali hukosa hiyo nusu. Mara nyingi ndiye mtoto wa karibu, wa Kilifi hii hii. Mgeni wa kutoka bara anapata kitanda kwa sababu hana jamaa, na mwenyeji anakuwa mpita njia katika chuo kilichojengwa kwao.

MAMA MWENYE VYUMBA: Mimi nina neno kuhusu huo ulinzi wa ndani mnaousifu. Garissa je? Waliuawa wapi wale watoto?

Hakuna aliyemjibu upesi. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokuwa ndani ya mabweni. Wazazi wa Kenya nzima waliokuwa na watoto vyuoni waliisikia siku hiyo miilini mwao. Baada yake vyuo viliongeza ukaguzi langoni, na mwanafunzi wa leo huonyesha kitambulisho bila kujua kilichotangulia.

MWALIMU: Mama, hilo linaniuma mpaka leo. Nilimfundisha mtoto aliyekuwa na ndugu kule. Lakini halinifanyi niseme watoto watawanywe. Linanifanya niseme aliyechukua jukumu la kuwalaza awalinde kweli.

MAMA MWENYE VYUMBA: Na mimi sisemi waondolewe ndani. Nasema ukuta peke yake haumlindi mtu, na sisi wa nje tusifanywe ndio hatari.

MZAZI: Basi nijibiwe swali langu. Mimi bado niko kwenye chakula.

Swali lake lina historia ya karibu. Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mpango mpya wa kugharamia vyuo vikuu: fedha zimfuate mwanafunzi kwa kadiri ya uhitaji wake, sehemu ikiwa ruzuku, sehemu mkopo, sehemu mfuko wa familia. Baadaye familia zikapangwa katika makundi matano. Wapo waliojikuta wamewekwa kwenye kundi la wenye uwezo huku nyumbani hakuna hata cha kuuza. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo unakiuka katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Mzazi wa Ganze hakuwa na wakili katika kesi hiyo, lakini kila amri iliyotoka ilimgusa, kwa sababu kila mara utaratibu ukitikisika, malipo huchelewa. Mapema 2025 hata basari za kaunti ziliingia kwenye mvutano, Msimamizi wa Bajeti alipohoji kama kaunti zina mamlaka ya kuzitoa bila makubaliano na serikali kuu.

MWALIMU: Na kabla ya mkopo kuna kitambulisho. Bila kitambulisho cha taifa, kuomba Helb ni shida. Wapemba wanaovua mwambao huu wetu walikaa miongo bila kutambuliwa kuwa raia, mpaka 2023. Mtoto wa Mpemba aliyepata alama nzuri kabla ya hapo alikwama papo hapo. Wako wangapi, Mungu ndiye ajuaye.

MWANAFUNZI: Kisha kuna migomo. Septemba 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wakidai shilingi bilioni 7.9 za malimbikizo yao. Siwalaumu, walifanya kazi hiyo. Mgomo uliisha Novemba, baada ya siku 49. Wa mwaka wa kwanza walikuwa ndio kwanza wamefika. Walilipa kodi ya miezi miwili kukaa kitandani. Aliyerudi nyumbani alilipa nauli mara mbili, na wengine mpaka leo hawajui walikuwa wamekosa nini hasa.

MAMA MWENYE VYUMBA: Na ni nani aliyewalisha? Mbali na vyumba, nina kibanda cha chakula. Ngoja niwaletee kitu.

Akatoa daftari. Nalieleza kama yalivyo madaftari ya aina hiyo katika vibanda vya Kilifi, kwa kuwa ndilo lililonibadilisha katika mjadala huu. Ni daftari la kurasa 96, jalada limelowa mafuta ya viazi karai, kalamu ya bluu imefungwa kwa uzi. Kila ukurasa una jina moja la mwanafunzi, nambari ya simu, na chini yake mistari: wali maharagwe, wali maharagwe, mahamri mbili mbaazi, sima samaki, wali maharagwe. Samaki huonekana mwanzoni mwa ukurasa. Kadiri mistari inavyoshuka, samaki anatoweka, halafu mbaazi, halafu siku zinarukwa. Kati ya kurasa kumechomekwa vitambulisho vya chuo vilivyowekwa rehani. Mistari mingine imekatwa kwa mkato mmoja mrefu, tarehe ile ile kwa kurasa nyingi: siku mkopo ulipoingia. Kurasa nyingine hazijakatwa kabisa.

MAMA MWENYE VYUMBA: Hawa ambao hawajakatwa siwadai tena. Wengine waliacha chuo. Mmoja alinitumia pesa baada ya miaka miwili kutoka Qatar, alhamdulillahi, na ujumbe wa kuniomba radhi. Sasa niambieni, serikali ikichelewa miezi miwili, miezi hiyo nani anaisomesha Kenya? Ni mimi na wenzangu hapa nje ya geti. Mama anayeniuzia nyanya hanikopeshi miezi miwili.

Nimesoma na kusikia mengi kuhusu ufadhili wa elimu ya juu, na mara zote hutajwa wafadhili watatu: serikali, mkopo na familia. Kilifi kuna wa nne ambaye hayumo katika hesabu yoyote. Ni mwenye kibanda, mwenye vyumba, wa bodaboda anayekubali kulipwa mwisho wa mwezi, mwanafunzi wa mwaka wa nne anayelaza wageni wawili sakafuni. Hawatozi riba. Hawana dhamana ila kadi ya plastiki. Nao ni watu ambao deni la wiki mbili linaweza kuwafungia biashara.

Kwa hiyo nasema wazi ninaposimama. Vitanda vya ndani wapewe wa mwaka wa kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na miongoni mwao waanze walio kwenye kundi la wahitaji zaidi, awe ametoka Bungoma au Bamba. Asiambiwe kwamba kwa kuwa kwao ni karibu hahitaji. Na kitanda hicho kisidaiwe pesa kabla ya fedha zake za serikali kutoka, kwa sababu anayelipa kwanza ndiye apataye ni kanuni inayompa kitanda mwenye pesa za kukodi chumba. Huo ndio upande wa Mwalimu, kwa sharti la mzazi.

MWANAFUNZI: Na sisi wa miaka ya mbele?

Nyinyi mmeshaujua mji. Mtoke nje, lakini msitoke mikono mitupu. Chuo kiwe na orodha ya nyumba zilizokaguliwa, zenye maji na mlango unaofungika, dalali asiwe na la kufanya. Kodi ilipwe kwa muhula, na amana iondolewe kwa mwenye nyumba aliye kwenye orodha.

MAMA MWENYE VYUMBA: Amana niondoe? Akivunja dirisha nani atalipa?

MWALIMU: Chuo kishike dhamana, mama. Cheti cha mwanafunzi kiko mikononi mwa chuo, hakimbii.

MAMA MWENYE VYUMBA: Sawa, hilo naweza kulikubali. Chukueni wa mwaka wa kwanza, niachieni wa pili na wa tatu. Lakini nataka karatasi. Helb inajua nani amekubaliwa na ni kiasi gani, hata kama pesa hazijatoka. Mtoto aje na barua inayosema hivyo, yenye muhuri, na mkopo ukiingia sehemu ya kodi ije kwangu moja kwa moja. Kwa karatasi hiyo hata chama changu kitanikopesha. Sasa hivi nakopesha kwa uso wa mtoto.

MZAZI: Na chakula kimo kwenye hiyo barua?

MAMA MWENYE VYUMBA: Kiwemo, dadangu. Sahani mbili kwa siku.

MZAZI: Basi waiandike haraka. Mwanangu anaripoti Jumatatu.